Hipnosi na Tiba ya Mazungumzo: Mwongozo Kamili wa Kukabili Wasiwasi na Mazoea Usiyoyataka

Anayeulizia hipnosi mara nyingi ana picha moja kichwani: atalala kwenye kochi, atasikia sauti ya taratibu, atazinduka hana hofu wala hamu ya sigara. Picha hiyo ndiyo inayowapotezea watu fedha. Hipnosi peke yake hufanya kidogo. Ikiunganishwa na tiba ya mazungumzo, ikawa mazoezi ya kichwani kabla ya kwenda kufanya jambo lenyewe kwa miguu, hapo hufanya kazi ya kuonekana. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza kuhakikisha kwamba kinachokusumbua ni wasiwasi kweli, halafu daftari, halafu mawazo, halafu hipnosi, halafu kwenda pale panapotisha. Ukiruka daftari ukaanzia kwenye hipnosi, utakuwa unajiagiza jambo usilolijua.

Mifano ni miwili. Wa kwanza ni mtu wa Dar es Salaam anayeshikwa na hofu kwenye kivuko cha Magogoni na Kigamboni, kiasi kwamba huzunguka Kurasini na kupita Daraja la Nyerere hata pale ambapo kivuko kingemfikisha kwa dakika chache. Wa pili ni mtu anayeng'ata kucha mpaka zinatoa damu.

Hipnosi ni nini hasa

Si usingizi, na si mazingaombwe. James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelipa neno hili nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1843, akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye yeye mwenyewe aliona jina hilo linapotosha, akapendekeza jingine lenye maana ya kuzama katika wazo moja. Alikuwa sahihi, ila jina la kwanza lilikwisha kuenea.

Hali yenyewe unaijua. Ni abiria anayepitishwa kituo kwa sababu alikuwa mbali kimawazo, au msomaji wa riwaya anayeitwa mara tatu asisikie. Katika hali hiyo akili hupokea maelekezo na picha kwa urahisi zaidi, lakini wewe bado upo. Huwezi kukwama humo: sauti ikikatika, utafumbua macho au utasinzia kidogo kisha uamke. Wala huwezi kulazimishwa kufanya usilolitaka.

Uwezo wa kuzama hautofautiani kwa akili wala kwa imani. Kuna mizani iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1959 ya kuupima, na inaonyesha kwamba wachache huzama sana, wachache karibu hawazami kabisa, na wengi wako katikati. Kwa kazi iliyoelezwa hapa, katikati panatosha.

Kuna jambo moja ambalo hipnosi haiwezi: kuchimbua kumbukumbu zilizofichika. Chama cha Madaktari cha Marekani kilikwisha kutahadharisha mwaka 1985 kwamba kumbukumbu zinazotolewa kwa hipnosi si za kutegemewa kuliko nyingine. Kinachoongezeka ni uhakika wa msemaji, si ukweli wa jambo. Mtu anayekuahidi kukurudisha utotoni akuonyeshe nani alikudhuru, mkimbie.

Kwanza: je, ni wasiwasi kweli?

Moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka na usingizi kukatika vinaweza kutoka mwilini kabla ya kutoka akilini. Nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu, shinikizo, sukari, na tezi ya thairoidi kama kipimo kipo. Thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi humfanya mtu aonekane mwenye wasiwasi mkubwa, na hakuna mazungumzo yatakayoitibu.

Kisha angalia unachomeza. Kafeini hukaa mwilini muda mrefu: baada ya saa 5 hivi nusu yake bado imo. Kwa hiyo kahawa kali ya saa 11 jioni ingali inafanya kazi saa 4 usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni hivyo hivyo. Mirungi, au miraa kama wasemavyo Kenya, huchochea mfumo ule ule wa hofu, na siku ya pili huleta unyonge unaofanana na sonona. Kati ya dawa, salbutamoli ya pumu huongeza mapigo ya moyo. Mefloquine ya kukinga malaria, na efavirenz iliyokuwa katika mchanganyiko wa zamani wa dawa za VVU, huweza kuleta wasiwasi na ndoto nzito. Usiache dawa yoyote kwa sababu ya sentensi hii. Mwulize aliyekuandikia.

Hatari kubwa iko kwingine. Anayekunywa pombe nyingi kila siku, au anayemeza Valium na dawa nyingine za kutuliza za jamii yake kwa wiki kadhaa, asiache ghafla ili "ajaribu hipnosi". Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kifo. Hapo kazi ni ya daktari, kwa kupunguza dozi kidogo kidogo.

Usianze peke yako nyumbani kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama matukio mabaya ya zamani yanakurudia kana kwamba yanatokea sasa, au kama una mawazo ya kujiua. Mwenye kifafa azungumze kwanza na daktari wake kuhusu sehemu ya hipnosi. Aliye na mawazo ya kujiua asisubiri miadi. Aende hospitali leo, na asiende peke yake.

Daftari la siku 14

Hii ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo inayoamua kama zilizobaki zitafaa. Tumia daftari dogo linaloingia mfukoni, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Kila hofu au zoea linapotokea, andika palepale: saa, mahali, kilichotangulia, wazo lililopita kichwani, mwili ulifanya nini, kiwango cha hofu, ulichofanya, na ilichukua dakika ngapi kutulia.

Kiwango kiwe kati ya 0 na 100. Kipimo hiki tunacho kutoka kwa Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyeanzisha tiba ya kuizoea hofu hatua kwa hatua. Sifuri ni utulivu wa mtu aliyelala kivulini. 100 ni hofu kubwa kuliko zote ulizowahi kuzipata. Usihangaike kama ni 60 au 65. Unachotaka ni kuona tofauti ya leo na wiki ijayo.

Daftari hukosewa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuandika usiku kwa kukumbuka siku nzima: utakumbuka vilele tu, na utaamini kwamba ulikuwa na hofu tangu asubuhi. Ya pili ni kuandika wazo kama swali. "Je, nikizimia kwenye kivuko?" haina la kuhojiwa, kwa kuwa swali halina kweli wala uongo. Jibu swali lako kwa jibu baya unaloliogopa: "Nitazimia, watu watanikanyaga, hakuna atakayenisaidia." Sasa una dai, na dai linapimika.

Siku ya kwanza na siku ya 14 jaza pia GAD-7, dodoso la kupima wasiwasi. Lipo kwa Kiswahili. Ni maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 21. Kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 mkubwa. Ukiwa na 10 au zaidi, mtafute mtaalamu huku ukiendelea na hatua hizi; usizifanye badala yake.

Kuyahoji mawazo

Tiba hii ya kuyahoji mawazo inatokana na kazi ya daktari wa akili Aaron Beck wa Philadelphia katika miaka ya 1960. Chukua dai moja kutoka kwenye daftari, ligawie ukurasa mzima, na uandike unaliamini kwa asilimia ngapi. Kisha andika ushahidi unaolitetea na ushahidi unaolipinga. Ushahidi maana yake ni kitu ambacho jirani angekiona kwa macho. "Nilihisi nitakufa" si ushahidi.

Mtu wetu wa kivuko anadai atazimia. Ushahidi wa kupinga anao wa aina mbili. Amepata hofu hiyo mara 11 katika siku 14 na hajazimia hata mara moja. Pia kuzimia huja shinikizo la damu linaposhuka ghafla, na hofu hulipandisha. Isipokuwa wale ambao hofu yao ni ya damu na sindano: hao shinikizo hupanda kisha huanguka, na kweli wanazimia. Dawa yao ni kukaza misuli ya miguu, mikono na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, kulegeza, na kurudia mara 5 kabla ya sindano. Kujilegeza kunawaharibia.

Sasa andika sentensi mpya ambayo unaiamini walau kwa 60%. Usiandike "kila kitu kitakuwa sawa". Akili yako itaicheka. Andika: "Moyo utakwenda mbio, nitasikia kizunguzungu, kitapanda kwa dakika kadhaa, kisha kitashuka kama kilivyoshuka mara 11." Sentensi hii utaihitaji kwenye hipnosi.

Yako mawazo ambayo hayafai kuhojiwa kabisa. Karo imekwisha muda, mwenye nyumba amegonga mlango: huo si mtazamo potofu, ni deni. Washona wa Zimbabwe wanasema *kufungisisa*, sisi tunasema kuwaza sana, na daktari wa akili Dixon Chibanda aliijengea tiba hali hiyo kuanzia mwaka 2006: bibi waliofunzwa, wameketi kwenye benchi nje ya zahanati, wakimsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja na kulikata vipande. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa 2016 na yalikuwa mazuri. Shirika la Afya Duniani nalo lina utaratibu wa vikao 5 vya dakika 90, unaoendeshwa na watu wasio madaktari, na ulipimwa Nairobi miongoni mwa wanawake waliopitia ukatili. Njia ni ile ile: orodhesha matatizo, weka pembeni yasiyo mikononi mwako, chagua moja, andika njia zote hata za kijinga, chagua moja, na uweke siku na saa ya kuanza. "Jumatatu saa 3 nitampigia mwalimu mkuu niombe kulipa kwa awamu" ni tiba ya wasiwasi kuliko saa nzima ya kupumua.

Mawazo yanayobaki yakizungukazunguka, yapangie saa. Dakika 20, saa 11 jioni, kiti kile kile, kalamu mkononi. Wazo likija saa 4 asubuhi, liandike neno moja na uliambie zamu yake ni jioni. Saa ikifika, waza kwa makusudi. Wengi hukuta hawana la kuwaza. Usiiweke saa hiyo karibu na kulala.

Pumzi na misuli

Vuta pumzi puani kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5, mara 2 kwa siku. Hiyo ni kama pumzi 6 kwa dakika. Mkono mmoja uwe tumboni, na huo ndio unyanyuke; wa kifuani ukae. Kosa la karibu kila mtu ni kuvuta pumzi kubwa kubwa. Hewa ya kaboni hupungua kwenye damu, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, na mtu anaamini ndiyo anazimia. Ukubwa wa pumzi ubaki wa kawaida. Kinachobadilika ni mwendo, na hasa urefu wa kutoa.

Misuli: kaza sehemu moja kwa sekunde 5 hadi 7, achia kwa sekunde 20 hadi 30 ukisikiliza tofauti. Anza na ngumi, mikono, mabega, uso, tumbo, mapaja, kisha nyayo. Usikaze nyayo kwa nguvu, zitakubana mshipa. Wiki moja ya mazoezi haya yanatosha kabla ya hipnosi.

Hipnosi ya kujifanyia: dakika 15

Mahali: kiti chenye mgongo, miguu chini, simu imezimwa sauti. Kitanda hapana, kwa sababu utalala, na usingizi haupokei maelekezo. Usifanye ukiendesha gari, wala usisikilize rekodi yake ukiendesha. Usifanye jiko likiwaka au mtoto akiwa majini.

Andika kwanza maelekezo yako, yasizidi sentensi 6. Yawe ya kutenda, si ya kukataza: ukiambiwa usimfikirie tembo, tayari umemwona. "Sitaogopa" inaleta hofu. "Mabega yanashuka ninapotoa pumzi" inaleta mabega. Yawe na mahali, sauti na harufu. Yawe katika lugha unayoiota. Kama unaota Kisukuma au Kikuyu, andika hivyo; Kiswahili cha vitabuni huwa kinasikika kama tangazo la redio. Na yawe ya kuaminika, ndiyo maana tuliandika ile sentensi ya 60%.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Chagua alama ukutani iliyo juu kidogo ya usawa wa macho. Braid alitumia kitu kinachong'aa, akikishika umbali wa inchi 8 hadi 15 kutoka machoni, juu ya usawa wa paji la uso. Sababu ni moja tu: macho yachoke haraka. Yaache yafumbe yenyewe.
2. Pumzi 10 za 4 kwa 6. Kila unapotoa, sema kimoyomoyo neno moja, mathalani "shuka".
3. Pitisha fikra mwilini kuanzia utosini hadi nyayoni bila kukaza, ukitafuta uzito. Jiambie "mkono wa kulia ni mzito" mara 5 au 6, usubiri usikie hata uzito mdogo.
4. Shuka ngazi 10 kichwani, ukihesabu kutoka 10 hadi 1, hatua moja kwa kila pumzi. Asiyeona picha asilazimishe. Ahisi tu nyayo zikigusa ngazi.
5. Sasa maelekezo. Sema polepole, kila sentensi mara 3.
6. Jione ukifanya jambo lenyewe, kwa macho yako mwenyewe, si kama unajitazama kwenye video. Hofu ije kidogo, ipande, ishuke, na wewe uko palepale.
7. Bana kidole gumba na cha shahada wakati utulivu uko juu. Ukirudia siku nyingi, kubana huko kutaukumbusha mwili.
8. Hesabu 1 hadi 5, nyoosha mikono, fumbua macho. Usiruke hatua hii hata kama unaona hukuzama. Anayeiruka huamka na kichwa kizito.

Maelekezo ya mtu wa kivuko yanaweza kuwa hivi: "Nimesimama katikati ya watu. Nasikia injini, nasikia harufu ya chumvi na samaki wa soko la Feri. Moyo unapiga, ni kazi yake. Natoa pumzi ndefu, mabega yanashuka. Hofu inapanda, naitazama, inashuka. Geti linafunguka, natembea mwendo wangu wa kawaida."

Ukirekodi sauti yako, soma kwa nusu ya kasi ya kuzungumza, na uache ukimya wa pumzi 2 baada ya kila sentensi. Rekodi nyingi za nyumbani hushindwa kwa sababu msomaji anakimbia. Fanya kila siku kwa siku 14 kabla ya kuamua kama inakufaa.

Ukilala, badilisha saa au ukae wima zaidi. Ukiona hakuna kinachotokea, huenda unasubiri kitu kikubwa. Uzito kidogo wa mikono na mawazo kupungua ndiyo hali yenyewe. Likija tukio baya la zamani na mwili ukatetemeka, fumbua macho, taja vitu 5 unavyoviona, weka nyayo sakafuni, na siku hiyo basi. Likirudi mara ya pili, endelea ukiwa na mtaalamu tu.

Ngazi ya hofu

Hapa ndipo wasiwasi unapotibiwa. Yaliyotangulia yote ni maandalizi, na anayeishia kwenye kochi hubaki na hofu yake, ila imetulia zaidi akiwa nyumbani. Kila mara anapozunguka kwa daraja, mtu wetu hupata nafuu, na nafuu hiyo inaufundisha ubongo kwamba kweli kivuko kilikuwa hatari.

Andika ngazi 6 hadi 10, kila moja na alama yake. Kwake zingekuwa: kutazama video ya kivuko kwa dakika 10, alama 25. Kukaa upande wa soko la samaki kuangalia kivuko kikiondoka, 35. Kukata tiketi, kuingia eneo la kusubiria na kutoka, 45. Kuvuka saa 4 asubuhi akiwa na ndugu, 55. Saa hiyo hiyo peke yake, 65. Peke yake akiwa amesimama katikati, mbali na geti, 75. Saa 12 jioni watu wakitoka kazini, 90.

Anzia kwenye 30 au 40 hivi. Kila ngazi irudiwe mara 4 au 5 kwa wiki, mpaka alama ipungue karibu nusu, ndipo upande. Kivuko kina shida yake: safari ni fupi, na hofu haina muda wa kushuka kabla ya geti kufunguka. Anayevuka mara moja na kukimbia huondoka na hofu ikiwa kileleni, akaona kama amethibitisha kwamba kivuko ni hatari. Avuke na kurudi mara 4 mfululizo bila kutoka eneo hilo. Kabla ya kwenda, afanye hipnosi ya ngazi ile ile asubuhi. Akiwa juu ya kivuko asifumbe macho ajizamishe, bali atazame, asikie, na awepo.

Chunguza pia vitu unavyovishikilia: chupa ya maji "endapo", kusimama karibu na mlango, kupiga simu njia nzima. Kila kimoja kinabeba sifa ambayo ingekuwa yako. Viondoe kimoja kimoja. Dua si lazima iwe miongoni mwavyo; anayesoma dua ya safari kama kawaida yake aendelee. Anayeirudia mara 40 ili kivuko kisizame, hiyo imekuwa sehemu ya hofu.

Na kivuko kilichojazwa kupita kiasi usikipande. Watanzania wanaikumbuka MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018, vyombo vilivyozama Ziwa Victoria vikiwa vimejaa kupita kiasi. Kukataa chombo kilichozidiwa si ugonjwa. Kanuni ni hii: ukikataa kwa kitu ambacho abiria mtulivu naye angekikataa, umetumia akili.

Kung'ata kucha, na mazoea ya jamii yake

Kung'ata kucha, kunyonyoa nywele, kuchuna ngozi na kutumbua chunusi hutibiwa kwa njia iliyochapishwa na wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn mwaka 1973. Msingi wake ni kwamba mkono huanza safari kabla mwenyewe hajajua.

Siku 4 za kwanza usiache chochote. Hesabu tu, kwa kuweka alama kwenye karatasi, na utafute safari ya mkono inaanzia wapi. Kwa wengi, kidole gumba hupapasa kingo za kucha nyingine kikitafuta palipochongoka. Hapo ndipo zoea linapoanza, si mdomoni. Kwa hiyo tupa (ile faili ya kucha) mfukoni ni dawa: palipochongoka pakilainishwa, mkono hauna cha kutafuta.

Kisha chagua tendo la kushindana: lisilowezekana pamoja na kung'ata, lisiloonekana na watu, linaloweza kushikiliwa dakika 1 hadi 3. Ngumi iliyofungwa taratibu ubavuni, au mikono kushika mapaja. Lifanye mkono unapoanza safari, na pia hamu inapokuja kabla mkono haujaenda. Mwombe mtu mmoja wa nyumbani akukumbushe kwa ishara mliyokubaliana na akusifu ukifaulu. Kukemewa huongeza zoea, kwa kuwa aibu ni moja ya vichocheo vyake.

Hipnosi hapa ni ya kurudia mkanda: mkono unanyanyuka, unafika kifuani, unakuwa mzito, unashuka, ngumi inafunga. Mara 10 kila usiku. Ile habari ya siku 21 za kubadili zoea isahau. Utafiti wa University College London (UCL) uliochapishwa 2010 ulipata wastani wa siku 66 za kujenga zoea jipya, na tofauti kati ya watu ilikuwa kuanzia 18 hadi 254.

Sigara ni habari nyingine, kwa kuwa nikotini imo mwilini. Mikiki ya kuacha huwa mikali zaidi siku 2 au 3 za mwanzo na hupungua kwa wiki 2 hadi 4. Tathmini za Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, hazijapata uthibitisho wa kutosha kwamba hipnosi inashinda njia nyingine. Weka tarehe, tumia plasta au bablishi ya nikotini kama vinapatikana, na uitumie hipnosi kwa kazi moja: kuikalia hamu dakika zake chache mpaka ipite, kama mtu anavyoliacha wimbi limpite.

Wasiwasi wa udhu

Neno letu *wasiwasi* limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mnong'ono unaotajwa katika Surat an-Nas, na pwani linabeba maana hiyo bado: mtu anayetawadha mara 7 kwa sala moja kwa kuwa hana hakika maji yamefika kiwikoni. Anayeosha mikono mpaka ngozi inapasuka, au anayerudi mara 5 kuangalia kufuli, yuko hapo hapo. Hipnosi isiwe chaguo lake la kwanza, na kuhoji mawazo humchosha, kwa sababu atatafuta hakika isiyokwisha. Tiba yake ni kukikabili kichocheo na kujizuia kurudia: anatawadha mara moja, anasali na shaka yake, anasubiri shaka ishuke yenyewe. Kwa Mwislamu, shehe anayeelewa ni mshirika mzuri, maana wanazuoni wenyewe husema mwenye wasiwasi asiusikilize. Lakini aulizwe mara moja; kumpigia kila siku nako ni kurudia.

Kumpata mtaalamu

Hospitali za rufaa za mikoa Tanzania zina huduma ya afya ya akili; zilizo maalumu ni Mirembe Dodoma na Kidongo Chekundu Unguja, na Muhimbili ina idara yake. Kenya kuna Mathari, na sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Uganda kuna Butabika. Wengi katika hao hawafanyi hipnosi, na si hasara: tafuta kwanza mtu mwenye mafunzo ya saikolojia au unasihi, halafu hipnosi iwe chombo kimoja katika mkoba wake. Mwenye cheti cha hipnosi pekee, cha wikiendi mbili, hana cha kushika mambo yakiharibika.

Mwulize: umesomea wapi na unasimamiwa na nani? Vikao vingapi? Kwa hofu moja, jibu la kawaida ni kati ya 6 na 12. "Kimoja tu" ni biashara, "tutaona" bila tarehe ya tathmini nayo ni biashara. Nitapewa kazi ya nyumbani? Kama hapana, ondoka. Nani atasikia habari zangu? Naweza kuja na ndugu akae nje? Mtaalamu hakugusi bila ruhusa, hakuahidi uponyaji, na hakuambii uache dawa za hospitali.

Ukirudi nyuma

Hofu hurudi baada ya ugonjwa, msiba, au miezi bila kuvuka. Usianze upya. Chukua daftari la zamani, tafuta ngazi ya mwisho uliyoimudu, shuka mbili chini yake, na urudie wiki moja na hipnosi ya asubuhi. Kwa kucha, rudia kuhesabu siku 4 kabla ya kujizuia. Mara nyingi utakuta safari ya mkono imebadili njia, sasa inaanzia kwenye shavu ukiwa na simu mkononi, na tendo la kushindana linatakiwa lihamie huko.